Dakika Ishirini za Dada

Siku ya Mama Orodha ilianzia kwenye sindano. Kabla hajaonja chai, alikaa kwenye kigoda karibu na dirisha, akakivuta kimto cha pamba cha dada yake na kutunga sindano kumi na mbili: nne uzi mweupe, tatu mweusi, mbili wa bluu, na tatu za mwisho rangi za nguo zilizokuwa zikisubiri siku hiyo. Kisha alitunga na sindano ya cherehani. Dada yake alikuwa fundi wa nguo tangu usichana wake, na vidole vyake bado vilijua kazi kuliko vya mafundi wengi wenye vyeti. Macho ndiyo yaliyogoma. Mtoto wa jicho alikuwa ameyafunika yote mawili, la kushoto zaidi, na tundu la sindano lilikuwa limemshinda kwa muda wa mwaka mzima.

"Za bluu umeweka upande gani?" dada mtu aliuliza asubuhi ile ya Alhamisi.

"Kushoto, kama jana."

"Jana uliweka kulia, nikashona kifungo cheusi kwa uzi wa bluu. Mwenye shati akadhani ni mtindo mpya."

Mama Orodha hakucheka. Siku nyingine angecheka, lakini alikuwa amechoka kabla jua halijapanda. Alitazama saa yake ya mkononi, akaondoa dakika ishirini kichwani, akachukua mkoba.

Hizo dakika ishirini zina hadithi yake. Mama yao alipofariki, dada mtu alikuwa na miaka kumi na saba na mdogo wake minane. Dada aliacha shule, akakalia cherehani ya marehemu, akamlea mdogo wake kwa pindo na vifungo. Yule mdogo alikuwa mzito wa kuamka, mzito hasa, wa kumwagiwa maji. Dada akaona kelele hazisaidii, akapanda kiti na kuisogeza saa ya ukutani mbele kwa dakika ishirini. Tangu hapo mtoto hakuchelewa shule hata siku moja. Miaka arobaini ilipita, ile saa ikafa, ikanunuliwa nyingine, nayo ikasogezwa vilevile. Nyumba ile ilikuwa na saa mbili: saa yetu na saa ya watu. Saa ya mkononi ya Mama Orodha ilifuata saa yetu, naye alikuwa amezoea kutoa ishirini bila kufikiri, kama mtu anayeinamisha kichwa kwenye mlango mfupi wa kwao.

Kazini kwake ilikuwa hospitali ya wilaya, chumba cha kumbukumbu, mwisho wa ujia, jirani na stoo ya magongo. Rafu za mafaili zilifika dari. Kulikuwa na dirisha moja lisilofunguka, feni iliyogeuza shingo upande mmoja tu, na kompyuta moja nzee. Jina la Mama Orodha alipewa na wauguzi, kwa sababu hakuna orodha iliyotoka hospitalini pale bila kupita mikononi mwake, na kwa sababu alizitunza kwa wivu.

Ukarani wa mafaili ndio aliosomea. Haya mambo ya kompyuta yalimwangukia tu. Fundi wa zamani alipohamishwa, alimfundisha kwa wiki mbili na kumwachia daftari la kurasa themanini. Ndani yake fundi huyo alikuwa ameandika amri za kupigwa kwenye lile dirisha jeusi lisilo na picha wala vitufe, ambamo mtu anaandika mstari mmoja na kompyuta inatii au inagoma. Kutuma orodha makao makuu kupitia fomu ya kawaida ya mtandaoni kulimaanisha kujaza mtu mmoja mmoja, na mtandao wa pale ulikatika mara tatu kabla ya kumaliza jina la ukoo. Chombo kile cha dirisha jeusi, kiitwacho curl, kilibeba orodha nzima kwa mkupuo mmoja. Mama Orodha alikipenda kwa namna mtu anavyompenda mkwe mkimya. Hakina maneno mengi, kazi inafanyika.

Alhamisi ile ilikuwa siku ya orodha ya macho. Mara moja kwa mwaka madaktari wa upasuaji wa macho walifika wilayani kwa siku tano. Lenzi za kuweka ndani ya jicho zilipakiwa makao makuu kwa kufuata orodha, kila mtu na kipimo chake, na kufungasha kulianza saa tisa kamili alasiri. Jina lisilofika kabla ya saa tisa halikuwa na lenzi, na asiye na lenzi alisubiri mwaka mwingine. Orodha ilikuwa na watu arobaini na mmoja. Wa kumi na saba alikuwa dada yake.

Na hapa lazima lisemwe jambo ambalo Mama Orodha hakumwambia mtu. Mwaka uliotangulia dada yake alikuwa wa tisa. Alikuwa wa tisa kwa haki, kwa tarehe ya kupimwa, bila kupendelewa. Lakini nafasi zilikuwa chache, watu wakaanza kunong'ona kwenye benchi kwamba huko ndani wanaingizana kindugu, na Mama Orodha akaogopa midomo ya watu. Akalifuta jina la dada yake kwa mkono wake mwenyewe. Nyumbani akasema lenzi zimekwisha. Dada mtu akaitikia, "Haya, tuko salama," akaendelea kushona. Tangu siku ile kila sindano aliyotunga ilikuwa faini, na hakujua ingeisha lini.

Saa mbili na nusu asubuhi alipiga mstari wake wa kwanza. Jibu lilirudi mara moja: mia nne. Hiyo kwa lugha ya watu ni kusema, sielewi unachoongea. Hakushtuka. Tangu Jumatatu makao makuu walikuwa wamebadilisha mfumo. Mpya ulitaka kila ombi lije na sahihi ya siri, inayotengenezwa na kompyuta yenyewe kwa kuchanganya ufunguo wa hospitali na mambo mengine yaliyoorodheshwa kwenye barua ndefu ambayo hakuna aliyeimaliza. Maelekezo alitumiwa kwa simu, akayanakili. Alichukua miwani yake, akausoma mstari herufi kwa herufi, akagundua kwamba zile alama za kunukuu zilizotoka kwenye simu zilikuwa zimepinda kama ndizi, na dirisha jeusi linataka zilizonyooka. Akazifuta zote, akaandika upya.

Mia nne na moja.

Hilo lilikuwa jibu jingine. Sasa mlinzi wa langoni mwa mfumo alielewa maneno yake, ila alisema: sikujui, rudi ulikotoka. Chini yake maneno matatu: sahihi si halali.

"Afadhali," alijisemea. "Tumetoka kwenye ububu, tumefika kwenye matusi."

Akaanza kuhakiki jambo moja baada ya jingine. Je, mtandao unafika? Aliomba ukurasa wa mbele wa makao makuu, ukaja. Je, ufunguo ndio wenyewe? Alilinganisha na barua, herufi sitini na nne, kidole kwenye karatasi na kidole kwenye kioo, mara mbili. Je, kuna nafasi tupu imejificha mwishoni? Haikuwepo. Alituma mtu mmoja badala ya arobaini na mmoja. Mia nne na moja. Akaongeza herufi v kwenye amri, ile inayokifanya chombo kisimulie kila kinachofanya: nimepiga hodi, nimefunguliwa, nimeonyeshwa cheti, nimekabidhi barua, nimejibiwa. Masimulizi yalijaa kioo kizima. Mistari ya majibu ilikuwa na jina la seva, aina ya maandishi, urefu wake, na tarehe na saa iliyoandikwa kwa majira ya mbali ambayo hakuna mtu wilayani aliyeyatumia. Macho yake yaliuruka ule mstari kama mtu anavyoruka tangazo la kifo la asiyemjua.

Saa nne akapiga simu makao makuu. Fundi wa huko alikuwa na kikohozi na sauti ya mtu aliyeulizwa swali lilelile tangu Jumatatu.

"Huku kwetu hakuna tatizo, mama. Wilaya kumi na moja zimeshatuma."

"Basi tatizo ni mimi."

"Sijasema hivyo."

"Hujasema, ila umenyamaza vizuri sana."

Fundi akakohoa, pengine alicheka. "Sahihi yako ndiyo inakataliwa, mama. Tengeneza upya. Anza mwanzo kabisa."

"Mwanzo upi? Nimeanza mwanzo mara tisa."

"Anza wa kumi," alisema, na simu ikakatika. Kama ni mtandao au ni mkono wake, hakuna ajuaye.

Alianza wa kumi. Wa ishirini. Uchovu wa kazi hii haufanani na wa kubeba maji. Mbeba maji huona ndoo imejaa. Huyu alikaa kwenye kiti kilekile, akaandika mstari uleule, akapata jibu lilelile, na kila jibu lilimwambia kosa ni lake bila kumwambia lipo wapi. Mgongo ulimuuma. Kichwani lilianza kumjia wazo la kijinga, kwamba labda ni malipo. Labda aliyefuta jina mwaka jana hawezi kulipeleka mwaka huu. Alilifukuza, likarudi. Watu waliochoka wana mawazo kama nzi.

Saa sita dada yake alipiga simu. Alibonyeza kitufe kwa kupapasa, siku hizi.

"Saa ngapi?"

"Ya kwetu au ya watu?"

"Ya kwetu. Nataka kujua kama mwenye gauni amechelewa au nimewahi mimi."

Mama Orodha akamtajia. Halafu akabaki ameishika simu. Mtu aliyeitawala saa kwa miaka arobaini sasa aliulizia saa kwa simu. Alikuwa akiulizia tangu miezi minne iliyopita, na mdogo wake hakuwa ametaka kulijumlisha hilo na mengine.

"Na ile orodha?" dada aliuliza, kwa sauti nyepesi, kama anayeulizia chumvi.

"Inakwenda."

"Haya. Usisahau kula."

Hakula. Saa nane mganga mkuu wa hospitali aliingia, mtu mwembamba mwenye koti jeupe lenye kalamu nne zisizoandika. Alikuwa mwema, lakini wema wake ulichoka upesi, kwa sababu hospitali nzima iliufuata. Alitaka kujua imefikia wapi. Alijibiwa. Akaenda wodini. Akarudi. Safari hii alisimama nyuma ya kiti, mikono mifukoni, akatazama mia nne na moja ikijitokeza tena.

"Mama Orodha," alisema taratibu, "tumejitahidi. Tuache."

"Daktari, bado."

"Bado nini? Tazama hapo." Aliinyooshea kidole saa iliyokuwa kwenye kona ya kioo. "Saa tisa na dakika nne. Wameshaanza kufungasha. Nitawaandikia barua, pengine watatufikiria mwakani."

"Hapana, Daktari, hiyo usiifuate. Hiyo ni saa ya dada yangu. Ya watu ni saa nane na arobaini na nne."

"Ya dada yako vipi? Hii ni kompyuta ya serikali."

Mama Orodha alifungua kinywa kumweleza, na hapo akakisikia mwenyewe alichosema. Wiki mbili zilizopita kompyuta ilipelekwa kwa fundi kwa sababu ile betri ndogo inayotunza saa ilikuwa imekufa. Iliporudi ilidhani ni mwaka wa zamani kabisa. Na kwa kuwa mtandao wa pale ulizibwa kila njia isipokuwa ya makao makuu, haikuweza kuulizia saa popote. Aliiwekea yeye, kwa mkono. Alitazama saa yake ya mkononi, akaandika alichokiona. Hakutoa ishirini, na tangu siku hiyo kila alipoitazama kona ile alizitoa kichwani bila kujua kwamba anazitoa. Alikuwa ameiongeza kompyuta kwenye ukoo.

"Barua," alisema. "Daktari, ile barua ya Jumatatu, iko wapi?"

Ilikuwa chini ya kikombe. Ukurasa wa tatu, mstari ambao duara la chai lilikuwa limeuzunguka: sahihi huchanganywa na saa ya mtumaji, na ombi linalotofautiana na saa ya makao makuu kwa zaidi ya dakika tano hukataliwa. Alipandisha kioo juu, akautafuta ule mstari wa tarehe alioruka tangu asubuhi. Saa yenyewe ilikuwa ya majira ya mbali, lakini dakika ni dakika popote. Arobaini na tatu. Kompyuta yake ilikuwa imeandika tatu. Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki alikuwa amekifunga mkononi kwa mkanda.

"Tumekuwa tukiwatumia barua zenye saa ambayo haijafika," alisema. "Tangu asubuhi. Wangetujuaje?"

Mganga mkuu hakuelewa, lakini alielewa sura yake. Akavuta kiti na kukaa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya chumbani mle.

Mama Orodha alifungua mipangilio ya saa, akairudisha kompyuta dakika ishirini nyuma. Alikosea, akarudia. Saa nane na arobaini na nane, ya watu. Akarudi dirisha jeusi, akapiga mstari. Safari hii jibu halikuja mara moja. Kile kistari cha kuandikia kilimemeta, kikamemeta. Orodha ilikuwa nzito na mtandao wa mchana mwembamba. Mganga mkuu alianza kusema kitu, Mama Orodha akamnyamazisha kwa kiganja, mkubwa wake wa kazi, kama anavyonyamazishwa mtoto msibani.

Mia mbili. Zimepokelewa: 41.

Alihesabu hizo tarakimu mbili kana kwamba zingeweza kupungua. Kisha alivua miwani, akaweka paji la uso kwenye meza, akakaa hivyo. Hakulia. Alitaka kulia, ila hata hilo lilihitaji nguvu.

"Kwa hiyo," mganga mkuu alisema baadaye, "siku nzima ilikuwa ni saa?"

"Siku nzima."

"Nani aliiweka?"

"Mimi."

Mganga mkuu alifikiri, akainuka. "Basi tusiiandike kwenye ripoti," alisema, akaenda zake.

Jioni, dada mtu alikuwa mahali pake pa siku zote, upande wa mwanga, nguo imemfunika magoti. Alikuwa akishona pindo kwa kupapasa, kidole gumba kikienda mbele ya sindano kama kipofu na fimbo. Mama Orodha alivua viatu, akakaa kwenye kigoda. Miguu ilikuwa imevimba. Alikuwa amepanga maneno njia nzima.

"Umeingia," alisema. "Wa kumi na saba. Jumatatu asubuhi uwe hospitali, usile kitu."

Sindano ilisimama. "Wewe umeona kwa macho yako?"

"Nimeona. Arobaini na mmoja, wote wamepokelewa."

"Alhamdulillahi." Dada alivuta pumzi ndefu, sindano ikaendelea.

"Dada, kuna jambo. Mwaka jana, lenzi hazikuwa..."

"Najua."

Mama Orodha aligeuka kumtazama.

"Nilikuwa wa tisa," dada mtu alisema, bila kuinua kichwa. "Muuguzi wa macho ni mteja wangu, unadhani sare zake anashonewa na nani? Aliniambia wiki ileile."

"Mwaka mzima unajua?"

"Mwaka mzima."

"Na unaniacha nakutungia sindano kila asubuhi, na husemi?"

"Ningesema nini? Ulikuwa umeshajifunga mwenyewe. Mimi nikasema, mdogo wangu ana hofu ya watu, ngoja imtoke." Akakata uzi kwa meno. "Ila nilikasirika, usidhani sikukasirika. Siku ya kifungo cheusi nilikasirika sana."

Mama Orodha aliinamisha uso. Machozi yaliyokataa mchana yalikuja sasa, bila kuuliza kama ni wakati wake. Dada mtu alimwacha alie mpaka akafika mwisho, akamtupia kipande cha kitambaa.

"Jifute na hicho, ni mabaki. Saa ngapi?"

Mama Orodha alitazama ukutani, kisha mkononi. "Ya kwetu, saa moja na robo." Akasita. "Dada, hii saa turudishe nyuma. Leo nusura ituponze."

"Iache hapo ilipo. Ukiirudisha utachelewa Jumatatu, nakujua." Alikisukuma kile kimto cha pamba mezani, taratibu, mpaka kikamgusa mdogo wake mkono. "Nitungie za Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Zinazofuata nitajaribu mwenyewe."

Mama Orodha alisogea karibu na taa, akavaa miwani, akachukua uzi mweupe.